Gesi Bwete na Moto wa Virunga

Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye pumzi moja tu. Mlinzi wa hifadhi anayesimama alfajiri kwenye lango la makao makuu ya Virunga, pale Rumangabo, akivuta ule ubaridi unaoshuka kutoka mlima Mikeno, huingiza kifuani karibu nusu lita ya hewa. Ndani yake mna naitrojeni nyingi. Mna oksijeni inayomweka hai. Mna pia gesi ya tatu ambayo watu wachache huitaja kwa jina: arigoni, kiasi cha kujaza kijiko kimoja cha chai. Arigoni hiyo huingia mapafuni, haifanyi kazi yoyote mwilini, kisha hutoka vilevile ilivyoingia.

Mlinzi huyo hana habari nayo, na ana haki. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwaki na haizimi. Lakini ina asili, na asili yake ni mawe. Arigoni karibu yote iliyomo katika hewa ya dunia ilizaliwa ndani ya miamba, potasiamu ya aina moja maalumu ilipokuwa ikigeuka polepole, kwa mamilioni na mabilioni ya miaka, na kuwa arigoni. Na lava za volkano za Virunga zinajulikana duniani kote kwa wingi wa potasiamu. Ni potasiamu hiyohiyo inayoupa udongo wa Rutshuru rutuba ya kuotesha maharage, viazi na ndizi. Kwa hiyo mtu wa Rumangabo anakula potasiamu ya mlima kwenye sahani yake, na anavuta mtoto wa potasiamu kwenye pumzi yake.

Arigoni ina ndugu. Wataalamu wa kemia wameziweka gesi hizo katika safu moja, ukingoni kabisa mwa jedwali la elementi: heli, neoni, arigoni, kriptoni, zenoni na radoni. Kwa Kiswahili huitwa gesi adimu, na wapo wanaoziita gesi bwete. Jina hili la pili limezipata barabara, maana aliyekaa bwete ni yule aliyejikalia kimya, hana analoshughulika nalo. Hata waliozigundua walifikiri hivyohivyo: jina arigoni limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu.

Uvivu huo una sababu. Atomu ya elementi yoyote imezungukwa na elektroni zilizopangwa katika maganda, ganda juu ya ganda. Ganda la nje likiwa na nafasi wazi, atomu hutafuta jirani ili ikope elektroni, ikopeshe, au washirikiane. Huko kukopa na kukopeshana ndiko kunakozaa maji, chumvi, kutu, majivu na damu. Gesi hizi sita zina ganda la nje lililojaa: heli ina elektroni mbili, nyingine zote zina nane. Hazidai, hazidaiwi. Ndiyo maana atomu zake huishi moja moja, hali oksijeni na naitrojeni za hewani hutembea mbili mbili.

Kwa sababu ya ukimya huo zilichelewa kujulikana. Heli ilionekana kwanza kwenye jua kabla ya kupatikana duniani: mwaka 1868, wakati wa kupatwa kwa jua kulikotazamwa huko India, mstari wa manjano usiofahamika uligunduliwa katika mwanga wa jua, na jina la heli likatokana na neno la Kigiriki la jua. Mwaka 1894 wanasayansi wawili wa Uingereza, Lord Rayleigh na William Ramsay, walichunguza kwa nini naitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko naitrojeni iliyotengenezwa maabara. Tofauti ilikuwa ndogo mno, ila hawakuidharau. Waliifuata hadi wakaikuta arigoni. Mwaka uliofuata Ramsay alipata heli ndani ya jiwe lenye urani, na mwaka 1898 yeye na Morris Travers waliipoza hewa hadi ikawa kimiminika, wakaipata kriptoni, neoni na zenoni. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilifundisha kwamba gesi hizi haziungani na chochote, kamwe. Mwaka 1962, Neil Bartlett, akifanya kazi katika chuo kikuu huko Vancouver, Kanada, aliikutanisha zenoni na gesi kali yenye platini na florini, na papo hapo pakatokea unga wa rangi ya manjano. Tangu hapo zimetengenezwa kampaundi nyingi za zenoni na chache za kriptoni. Heli na neoni, katika hali ya kawaida, bado zimeshikilia msimamo wake.

Sasa kitu kisichoshughulika na mtu kina faida gani? Kinafaa pale ambapo fundi hataki oksijeni iingilie kazi yake. Umeme wa Matebe, ule wa mto Rutshuru uliozinduliwa mwaka 2015, ulileta taa na mashine katika eneo hili, na pamoja nazo ukaleta gesi bwete bila kupiga mbiu. Tazama ile taa ndefu ya mrija inayoning'inia kwenye dari la zahanati au ofisi. Ukiiwasha hupepesa mara mbili tatu kabla ya kutulia. Ndani ya mrija mna arigoni na tone la zebaki. Umeme hupita kwanza katika arigoni, joto likapanda, zebaki ikawa mvuke, na mvuke huo ndio unaouchokoza ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo hadi utoe mwanga. Ampuli ya zamani ya waya nayo ilijazwa arigoni ili waya uliowaka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000 usiungue. Na mrija wa neoni, ambao Mfaransa Georges Claude aliuonyesha Paris mwaka 1910, hutoa ule mwanga mwekundu ambao miji mingi imeutumia kutangaza hoteli na baa zake.

Fundi wa kuchomelea alumini au chuma kisichoshika kutu hupuliza arigoni juu ya mahali anapoyeyusha. Gesi hiyo hufunika chuma cha moto kama mfuniko, hewa isikiguse. Zenoni hutumika kwenye taa zenye mwanga mkali na kusukuma vyombo vya anga za juu. Kriptoni hujazwa kati ya vioo viwili vya madirisha ya nchi za baridi ili joto lisitoroke. Na heli ndiyo inayopoza sumaku za zile mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ubongo na uti wa mgongo, kwa kuwa heli ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na hakuna kitu kingine kinachochemka kwenye baridi kali kuliko hiyo.

Hizo ni kazi za kiwandani na hospitalini. Hapa Kivu ya Kaskazini gesi hizi zina kazi nyingine, na ndiyo iliyosababisha mazungumzo haya. Kazi hiyo ni ushahidi.

Watu wa Goma wana neno lao, mazuku, na neno hilo leo limo katika majarida ya sayansi ya dunia nzima. Mazuku ni mahali pa bondeni, katika mashimo na mikunjo ya lava, ambapo gesi inayotoka ardhini hujikusanya. Mbuzi hushuka kula majani asirudi. Ndege huanguka. Watu pia wamekufa humo, wengine wakiwa wamekwenda kumtoa mwenzao. Gesi inayoua katika mazuku ni kaboni dioksidi, iliyo nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na ndiyo maana hutuama chini kama maji, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Swali la mtaalamu ni moja: gesi hii inatoka wapi? Inatokana na majani yaliyooza, au inapanda kutoka kwenye moto wa chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira?

Kaboni peke yake ni shahidi mgumu. Njiani huyeyuka majini, huingia katika mawe, huliwa na mimea na vijidudu, na hufika juu ikiwa imebadilika. Heli haifanyi hayo. Ilivyotoka chini ndivyo inavyofika.

Inafaa kuona jinsi ushahidi huo unavyochukuliwa. Mtafiti wa volkano huenda kwenye ufa unaofuka akiwa na chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote, ndani yake akiwa ametia maji ya soda kostiki, soda ileile ya watengeneza sabuni. Huchomeka bomba ardhini, hufungua kilango cha chupa, na gesi huanza kupiga mapovu katika ile soda. Mvuke hugeuka maji. Kaboni dioksidi inamezwa. Gesi za kiberiti, zile zinazonuka na kuwasha macho, nazo zinamezwa. Dakika hadi dakika mapovu hupungua, na juu ya maji hubaki nafasi ndogo iliyokusanya gesi zilizokataa kuyeyuka: haidrojeni, naitrojeni, methani kidogo, na pamoja nazo heli na arigoni. Soda inayomeza karibu kila kinachotoka mlimani imeshindwa kuzimeza hizo.

Heli ina ukaidi wa ziada. Atomu zake ni ndogo kiasi cha kupenya kioo chenyewe polepole. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kuipima kwa uhakika huchukua bomba la shaba nyekundu, lenye unene wa kidole, hulijaza gesi au maji, kisha hulibana ncha zote mbili kwa vyuma na skrubu hadi shaba igandamane. Bomba hilo huwekwa kwenye sanduku na kusafirishwa.

Mashine inayopokea bomba hilo huhesabu aina mbili za heli. Heli 4 huzaliwa kila siku katika mawe yenye urani na thori. Heli 3 nyingi imefungiwa katika vina vya dunia tangu sayari hii ilipoumbwa. Hewani, kwa kila atomu moja ya heli 3 kuna zaidi ya atomu 700,000 za heli 4. Gesi za Virunga zina heli 3 ambayo sehemu yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya hewani. Jibu basi ni wazi: chanzo ni kina kirefu, chini ya gamba la dunia, kule inakotoka magma ya Nyiragongo. Mazuku ni pumzi ya volkano, hata pale ambapo mlima wenyewe hauonekani.

Virunga imo katika Bonde la Ufa, ambalo linaendelea kusini hadi Tanzania, na huko heli inasimulia jambo tofauti. Katika Bonde la Rukwa, heli inayobubujika pamoja na naitrojeni kwenye chemchemi za moto ni ya gamba la dunia, iliyozaliwa katika miamba ya kale sana. Joto la Ufa liliifungulia milango. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu moja tu ya bonde hilo huenda ina heli ya futi za ujazo bilioni 54. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilitoa heli hadi juu ya ardhi.

Msikilizaji wa Rumangabo atauliza: mbona sisi wenye volkano zinazowaka hatuchimbi heli? Mmoja wa watafiti wale wa Rukwa, Diveena Danabalan wa Durham, alieleza kwamba mahali pa kuchimba panataka umbali wa kadiri. Volkano ikiwa mbali mno, hakuna joto la kuitoa heli katika mawe. Volkano ikiwa karibu mno, gesi zake, hasa kaboni dioksidi, huizamisha heli hadi ibaki kidogo isiyofaa biashara. Rumangabo ipo karibu mno. Heli yake haitauzwa, lakini inasomeka.

Ziwa Kivu nalo limesomwa kwa njia hiyo. Ndani ya maji yake, yenye kina cha hadi mita 485, mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilichapisha jambo lililowashangaza wengi: maji ya kina yana upungufu mkubwa wa gesi bwete za hewani, ilhali heli huongezeka kadiri mtu anavyoshuka. Maji yoyote yaliyowahi kukaa chini ya anga hubeba kiasi chake cha neoni na arigoni, na gesi hizo haziliwi na kitu njiani. Zikipungua, ni alama kwamba maji hayo ya kina yalilishwa na chemchemi za chini kwa chini, ambazo gesi zake za hewani zilikuwa zimekwisha kutolewa. Kwa watu walio kandokando ya ziwa, kujua maji ya chini yanatoka wapi na yanakwenda wapi ni sehemu ya kujua kama ziwa limetulia.

Arigoni nayo ni saa. Lava ikiwa bado uji wa moto, arigoni huchomoka ikaenda zake. Ikiganda, mlango unafungwa, na kila arigoni inayozaliwa na potasiamu hubaki imefungiwa humo. Anayeihesabu anajua jiwe liliganda lini. Ndivyo mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walivyotangaza kwamba fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, Julai 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75, umri uliozidi mbali makisio ya awali. Majivu ya volkano yaliyolifunika ndiyo yaliyotoa ushahidi. Lava iliyofika ukingoni mwa Goma tarehe 22 Mei 2021 nayo saa yake imeanza kwenda, ila bado ni changa mno kupimwa.

Yupo mmoja katika ukoo huu anayehitaji tahadhari: radoni. Huzaliwa na elementi ya radi, ambayo nayo huzaliwa na urani, na nusu yake huisha kwa siku 3.8. Kongo ina historia nayo. Mawe ya urani ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyogunduliwa mwaka 1915, yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kutolewa radi, na hospitali za enzi hizo zilifungia radoni katika vijirija vidogo ili kutibu saratani. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linaitaja radoni ya majumbani kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, baada ya tumbaku. Huingia kupitia nyufa za sakafu na kujikusanya ndani ya nyumba iliyofungwa. Dawa yake ya kwanza ni dirisha lililo wazi.

Tahadhari ya pili ni ya mafundi. Arigoni haina sumu, lakini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya tangi au shimoni huisukuma oksijeni nje, na aliyemo huzimia bila kusikia harufu yoyote. Ni mazuku ya karakana. Kanuni ni moja kwa fundi na kwa mchungaji: ukimwona mwenzako ameanguka shimoni, usirukie ndani. Ita watu, mvute kwa kamba ukiwa juu. Na wazazi wa maeneo yenye mazuku wawakataze watoto kushuka mabondeni alfajiri, jua likiwa halijapanda na upepo haujavuma.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni la wakubwa. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kilianzishwa mwaka 1986, na watafiti wake hupanda Nyiragongo na kupima mazuku. Lakini yale mabomba ya shaba yaliyojazwa hapa hupelekwa nje ya nchi kusomwa, na majibu hurudi baada ya muda mrefu, wakati mlima hausubiri. Mlima huu umeshuka kwa watu mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Ombi la mazungumzo haya kwa serikali, vyuo vikuu na wafadhili ni kwamba mashine ya kusoma heli na arigoni iwekwe Goma, na vijana wa maeneo ya Rutshuru, Nyiragongo na Masisi wafundishwe kuitumia. Na walimu wa kemia wa Rumangabo, mkifika kwenye ile safu ya mwisho ya jedwali, msiishie kuwakaririsha wanafunzi majina sita. Watoeni nje ya darasa, muwaonyeshe mlima.